Gauni la Pamba la Mwalimu wa Hesabu

Siku mwalimu wangu wa hesabu alipoingia dukani kununua uzi, alianza kwa uongo. Ilikuwa Julai, baridi ya Kitale imekaza, na kila mteja wiki ile alitaka uzi mzito wa sweta. Yeye alisimama mbele ya kaunta na koti lake la kahawia, akazikagua rafu kama mtu anayetafuta kosa ubaoni.

"Nimetumwa," akasema. "Kuna mtu anataka uzi wa pamba. Mweupe, na ule wa manjano."

"Pamba, Mwalimu? Na baridi hii?"

"Si nimesema nimetumwa?"

Nikamtolea. Alipoupokea niliona kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kimechubuka, mstari mwembamba mwekundu umekikata juu ya kiungo. Nimeuza nyuzi miaka mingi. Mstari ule unaletwa na uzi unaopita kidoleni kutwa nzima, mtu akishona kroshia. Mama mwenye duka, Mhindi ambaye familia ya mumewe imeuza vitambaa mtaa huo tangu kabla sijazaliwa, alingoja mzee atoke, kisha akaniambia, "Huyo hajatumwa na mtu. Huyo anashona mwenyewe."

Nilicheka. Ningeulizwa nimtaje mwanamume mmoja katika Trans-Nzoia nzima ambaye hawezi kushika sindano ya kroshia, ningemtaja huyo.

Alitufundisha kuanzia darasa la sita hadi la nane. Shule ilikuwa na walimu wengi, na wote walikuwa na majina, lakini ukisema "Mwalimu anakuja" kila mtu alijua ni yupi, na kila mtu alikaa. Hakupiga kwa hasira. Alipiga kwa hesabu: kosa moja, fimbo moja, makosa sita, fimbo sita, na uso wake haukubadilika kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Mimi nilikuwa nikikosa pembe. Pembetatu zilinitesa mpaka nikawa naziota. Kwenye daftari langu aliandika kwa wino mwekundu maneno aliyomwandikia kila mtu: "Njia iko wapi?" Hata jibu likiwa sahihi, kama hukuonyesha ulivyolipata, alilikata. Alikuwa akisema kwamba jibu lisilo na njia ni la kuiba.

Alitoka upande wa Bungoma, na ulimi wake uliweka r na l mahali palipoufaa wenyewe. Siku moja alichora ubaoni akasema, "Hii ni mlaba." Rafiki yangu akacheka. Mwalimu hakuuliza ni nani. Alipiga safu nzima, akarudi ubaoni, akaandika MRABA kwa herufi kubwa, akatuamuru tulisome neno hilo kwa sauti. Tukalisoma mara kumi. Yeye hakulisoma hata mara moja.

Na kuhusu wanaume na sindano, tulijua msimamo wake. Mvulana mmoja wa darasa letu aliwahi kukutwa wakati wa mapumziko akishona kaptura yake iliyochanika. Mwalimu alimsimamisha mbele yetu akamwuliza kama dada zake wamekwisha. Yule mvulana alikaa wiki nzima na kaptura iliyochanika.

Kwa hiyo alipokuja mara ya tatu, akasema tena ametumwa, sikuvumilia. Nilimwambia, "Mwalimu, kidole kikichubuka hivyo, kifunge plasta kabla hujaanza kushona. Uzi wa pamba hauna huruma."

Aliniangalia usoni. "Ulikuwa darasa langu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulikuwa unakosa pembe."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akavuta pumzi, akaketi kwenye benchi lililo karibu na dirisha, akafungua mfuko wake wa plastiki. Ndani mlikuwa na miraba ya kroshia, zaidi ya thelathini, kila mmoja upana wa kiganja, myeupe kwa manjano. Aliipanga magotini mwake. Nikaona mara moja kwamba imeshonwa na mikono miwili tofauti. Mingine ilikuwa laini, imekaa sawasawa kama iliyopigwa pasi. Mingine ilikuwa imekazwa mno hata ikajikunja pembeni.

"Hii ni ya nani?" nikauliza, nikigusa ile laini.

"Ya mke wangu."

Mke wake tulikuwa tumemzika mwezi wa Aprili.

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumanne na Ijumaa, na alikuja hivyo kwa karibu miaka mitatu. Mama mwenye duka alimwachia benchi lile kwa sababu ya mwanga, naye akamshukuru kwa kumrekebishia hesabu za bidhaa, bila kuombwa, kwa sauti ambayo wateja wote waliisikia. Aliketi wima. Hakutaka kufundishwa kwa video za simu ambazo wasichana wa mjini hutumia; alisema zile zinakupa jibu bila njia. Alikuwa na karatasi ya miraba, penseli iliyochongwa kwa wembe, na kipimapembe kile kile cha mbao alichokuwa akichorea ubaoni.

"Angalia," aliniambia siku moja duka likiwa tupu. "Unaanza na kaduara kadogo. Ukikapa kona tatu, ni pembetatu. Ukikapa nne, mraba. Sita, pembe sita. Mwanzo ni ule ule. Kona ndizo zinaamua."

Nilikuwa nimeshona kroshia tangu usichana wangu na sikuwahi kuliona jambo hilo. Alinichorea gauni zima kwa namna hiyo. Kifuani miraba ingesimama kwa kona yake, ncha juu na ncha chini, na mapengo yatakayobaki kati yake yangejazwa kwa pembetatu, hivyo shingo ingejikata yenyewe bila mkasi. Kiunoni miraba midogo. Kuanzia hapo kwenda chini, kila mstari miraba inaongezewa duru moja ya mshono, gauni lifunguke kidogo kidogo mpaka magotini. Nilielewa pembetatu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mtu mzima mwenye watoto, nimesimama nyuma ya kaunta. Nikamwambia hivyo. Alisema, "Umechelewa," lakini nadhani alifurahi, kwa sababu alininunulia chai.

Vijana wa bodaboda walioegesha nje hawakumwacha. "Mzee, niaje! Hiyo vesti ni ya nani?" mmoja akampigia kelele dirishani. Mwalimu hakuinua macho. "Wewe nilikufundisha kugawanya," akasema. "Ulishindwa." Wenzake walicheka hadi yule kijana akahamisha pikipiki. Kwa wiki mbili tatu walimwita Mama Kroshia, kisha wakazoea, na baadaye ndio waliomrudisha nyumbani Kibomet mvua inaponyesha, wakikataa nauli.

Kosa hakulivumilia hata hapo. Akigundua kwamba mistari minne nyuma alihesabu vibaya, alifumua yote minne, uzi ukarundikana miguuni mwake, akaanza upya. Nilimwambia hakuna atakayeona. Akasema, "Mimi nimeona." Lakini ile miraba ya mke wake, ambayo baadhi yake ilikuwa na makosa dhahiri, hakufumua hata mshono mmoja. Mmoja ulikuwa na kona tano. Sijui yule mama alikuwa katika hali gani siku aliyoushona. Mwalimu aliugeuza mara nyingi mkononi, akaupima kwa kipimapembe, akakaa na karatasi yake Ijumaa nzima mpaka akapata mahali pa kuuweka, chini ya kwapa la kushoto, ambapo kona ya tano ingeingia kwenye mshono.

Habari ya gauni aliitoa kwa vipande, kipande leo, kingine baada ya mwezi. Mke wake alianza kulishona akiwa mgonjwa. Dawa zilimvimbisha vidole, sindano ikawa inamponyoka. Akamwambia mumewe, "Njoo nikuonyeshe, unimalizie." Alikataa. Siku tatu alikataa. Siku ya nne alimkuta mkewe analia, ameng'ang'ania sindano kwa mikono miwili, naye akaketi kitandani.

"Alinishika mkono kama mtoto wa nasari," aliniambia. "Nilikuwa nafundisha watoto miaka yote hiyo. Sijawahi kumshika mtoto mkono namna hiyo."

Alipouliza gauni ni la nani, mke alijibu, "La mtoto wako."

Walikuwa na mtoto mmoja, msichana. Alikuwa kidato cha tatu alipopata mimba, na Mwalimu alimfukuza asubuhi moja kabla ya kwenda kazini, na begi la shule na sare mwilini. Msichana alikwenda Bungoma kwa jamaa ya mama yake, akajifungua huko, akabaki huko. Nyumba ile ya Kibomet haikumtaja tena. Mke alikuwa akisema kila mwezi ana mkutano wa akina mama wa kanisa Bungoma. Mwalimu aliniambia kwamba hakuwahi kuuliza mbona kanisa la Kitale lina mikutano mingi hivyo Bungoma. Hata kwangu hakutamka jina la binti yake. Alimwita "mwenye gauni". Kwa sababu ya joto la Bungoma mwenye gauni angehitaji pamba. Mwenye gauni alipenda manjano.

Ni mtu mgumu kumwelezea. Aliyemfukuza mtoto wake hakukosa kupeleka unga kwa mjane jirani yake kila mavuno, akiuacha mlangoni na kuondoka kabla hajaonekana. Alikuwa mkali kwa mtu anayechelewa dakika tano, na yeye mwenyewe alikuwa amechelewa miaka kumi na mmoja. Sijamsikia akimwomba mtu yeyote msamaha. Siku alipomkosea mama mwenye duka, akamwambia hadharani kwamba Wahindi hawajui uzi, kesho yake alikuja akakung'uta vumbi rafu zote za juu, peke yake, kwa ngazi, kisha akaketi akashona.

Gauni lilipokwisha, mwezi wa Februari, aliliweka juu ya kaunta. Hata mama mwenye duka, ambaye amegusa nguo nzuri maisha yake yote, alilipitisha mikononi mara mbili. Lilikuwa jepesi. Ukiliinua, mwanga wa mlango ulipita katikati ya miraba yote.

"Utanisindikiza," Mwalimu aliniambia. Hakuuliza.

Binti yake anapika chapati na maharagwe kwenye kibanda karibu na soko la Bungoma. Tulimkuta mbele ya jiko, jasho linamtiririka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuwaamrisha watu. Alipomwona baba yake, aliendelea kusukuma chapati. Alisukuma mbili. Kisha akafuta mikono.

"Mzee amepotea njia?"

Mwalimu alimpa mfuko. Akatoa gauni, akaliangalia, akalijua. Niliona kwamba amelijua, kwa sababu kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye ule mraba wa kona tano kikabaki hapo. Mama yake lazima alimwonyesha. Akaliweka kifuani juu ya aproni. Halikufika hata nusu ya upande mmoja.

"Hili ni la yule uliyemfukuza," akasema. "Yule wa miaka kumi na saba. Mimi ni mwingine, si unaona?"

Watu wawili waliokuwa wakila waliacha kula.

Nilimtazama Mwalimu. Nilimwombea kimyakimya apate neno moja tu. Midomo yake ilifunguka.

"Nitaongeza," akasema. "Hii inaongezeka. Kila upande miraba miwili. Ngoja nikupime."

"Hutanipima."

"Utepe ninao..."

"Nimesema hutanigusa, mzee."

Akarudisha utepe mfukoni. Binti akanikabidhi mimi gauni. Kabla ya kuondoka nilimkumbatia, mgeni mtupu, sijui kwa nini nilithubutu, naye akaniachia. Njiani matatu ilisimama Kimilili. Hapo akaniuliza, "Ni kiasi gani?" Sikuelewa. "Ulimshika," akasema. "Mikono yako ilifika wapi?" Nikaizungusha mikono yangu hewani kama nilivyomzungushia binti yake, nikaituliza. Akatoa utepe akapima pengo lililobaki kati ya vidole vyangu, kisha urefu wa mikono yangu, akaandika kwenye tikiti.

Alirudi benchini. Alifungua gauni ubavuni, akaongeza nguzo mbili za miraba kila upande, akafumua mabega akayapanua. Uzi wa manjano wa awali ulikuwa umekwisha, na ule mpya ulikuwa umekoza kidogo zaidi. Nilitafuta kwenye stoo nzima sikupata unaofanana. "Acha," akasema. "Ijulikane imeongezwa." Alilipeleka mwenyewe mwezi wa Juni. Aliporudi nilimwuliza binti amelipokea vipi. "Amelipokea," akasema, akanunua uzi mwingine wa pamba, na hakuniambia ni wa nini.

Huo haukushonwa. Mwezi wa Agosti Mwalimu alianguka jikoni kwake Kibomet. Kiharusi. Jirani zake walimpeleka hospitali, na mmoja wao alipata namba ya binti kwenye kitabu cha kanisa cha marehemu mama. Binti alikuja siku ile ile. Nilisikia baadaye kwamba aliingia wodini na aproni yake, akatia sahihi alipoonyeshwa, na alipoulizwa baba yake atatunzwa wapi, alijibu, "Kwangu, kwani ana mtoto mwingine?"

Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Nyumba ni vyumba viwili nyuma ya soko. Mjukuu, msichana mrefu mwenye macho ya babu yake, alinifungulia akarudi kwenye daftari lake la hesabu. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kilichozungushiwa mito, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu alichopewa akishikilie. Alinijua. Upande mmoja wa uso ulijaribu kutabasamu. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha. Alitoa sauti, moja tu, akaiacha.

Binti alikuwa akimlisha uji. Alifanya hivyo kwa haraka ya mtu aliyezoea, bila ukali na bila upole.

"Lile gauni," akaniambia bila mimi kuuliza, "nimelivaa mara moja. Nilifunga mlango. Limenitosha kabisa. Nikalia, nikalivua." Akakwangua bakuli. "Nilikuwa namngoja aseme, unajua? Siku ile alipolileta limeongezwa, nilimkalisha, nikampa chai, nikangoja. Ati akaniuliza kama mabega yanabana. Nikasema sawa, atarudi, atasema siku nyingine. Sasa hata akitaka, atasemaje?"

Kisha akageuka, akaniangalia sana.

"Wewe ulikaa naye miaka yote hiyo. Alikuwa anasema nini juu yangu?"

Mwalimu alikuwa ananitazama pia. Jicho lake la kushoto lilikuwa hai kabisa.

Kulikuwa na jambo moja. Aliniambia mara moja tu, Ijumaa ya mvua, akiwa ameinamia kazi yake, na hakulirudia. Halikuwa langu. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamshika mkono ule unaosikia.

"Mwalimu, nimwambie?"

Jicho lake likaenda kwa binti yake, likarudi kwangu. Halafu akaubana mkono wangu. Aliubana kwa nguvu, ikaniuma.

"Alisema," nikamwambia binti, "asubuhi ile alipokufukuza hakuwa na hasira na wewe. Alikuwa anawaza atakavyoingia ofisini mwa walimu. Alikuwa amewachapa watoto wa watu kwa makosa madogo miaka yote. Aliogopa wenzake watamcheka. Alisema ulikuwa umesimama mlangoni unamngoja akuite urudi, na yeye alikuwa dirishani anakuona, na akangoja uondoke ili asichelewe shule. Alisema hilo ndilo kosa, na hajui njia ya kulifumua."

Mjukuu alikuwa ameacha kuandika.

"Walimu," binti akasema. Akalitamka neno polepole. "Hata siwajui majina yao."

Akasimama na bakuli. "Huu uji umepoa," akasema, akatoka nao uani, na nikamsikia akipuliza makaa kwa muda mrefu kuliko makaa yanavyohitaji. Mwalimu alikuwa analia, jicho moja tu, chozi limeshuka mpaka kwenye kidevu na yeye hana habari nalo. Nilinyoosha mkono nimfute, kisha nikaurudisha. Halikuwa langu hilo pia.

Binti aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na moshi ungeweza kulaumiwa. Alivuta kigoda karibu zaidi ya pale kilipokuwa. Alimfuta baba yake uso kwa kiganja kitupu, akakiacha kiganja kile shavuni. Baada ya hapo akachota uji, akaupuliza, akaonja kwa ncha ya ulimi kuona kama hautamchoma, akampelekea mdomoni.

"Kunywa," akamwambia. "Pole pole. Sina pa kwenda."